Kura 312: Uchaguzi wa Minnesota na Haki ya Aliyeshindwa



Alhamisi ya tarehe 6 Novemba 2008 ilikuwa sikukuu nchini Kenya. Rais Mwai Kibaki aliitangaza kuwa siku ya mapumziko ili wananchi washerehekee ushindi wa Barack Obama, mtoto wa mwanamume wa Nyanza, katika uchaguzi uliofanyika Marekani Jumanne ya wiki hiyo. Lakini katika jimbo la Minnesota, kaskazini kabisa mwa Marekani, mpakani na Kanada, uchaguzi huo huo ulikuwa haujaisha. Karatasi ya kura iliyobeba jina la Obama ilibeba pia majina ya waliogombea kiti cha Seneti, na hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika kiti hicho kimekwenda kwa nani. Jibu lilipatikana baada ya miezi minane.

Mwaka huo huo wa 2008, mwezi Septemba, tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilikabidhi ripoti yake kuhusu uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007. Zaidi ya watu elfu moja walikuwa wameuawa katika ghasia zilizoufuata. Tume ilihitimisha kwamba mchakato wote wa kupiga, kuhesabu na kujumlisha kura uliharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda urais. Yaani hata kama malaika wangeshuka kuhesabu, kilichobaki masandukuni na kwenye fomu kisingetosha kuwapa jibu.

Ninaiweka Minnesota kando ya Kenya kwa sababu tofauti ya kura Minnesota ilikuwa ndogo kuliko ile ya Kenya kwa mbali sana. Kura karibu milioni 2.9 zilipigwa, na mshindi alimzidi mwenzake kwa kura 312. Ni kama kura moja katika kila elfu tisa na ushee. Pande zote mbili zilikuwa na fedha, mawakili na hasira. Hata hivyo hakuna aliyeuawa, na siku hukumu ya mwisho ilipotolewa, aliyeshindwa alimpongeza aliyeshinda.

Ni rahisi kusema kwamba wenzetu ni wastaarabu zaidi. Sikubaliani na maelezo hayo, na yaliyotokea huko baadaye, Washington tarehe 6 Januari 2021, umati ulipolivamia Bunge kupinga matokeo ya urais, yanatosha kuyakanusha. Hoja yangu jioni hii ni moja: uchaguzi huaminika pale ambapo aliyeshindwa anaweza kuirudia hesabu hadi karatasi ya mwisho, hadharani, kwa kanuni iliyoandikwa kabla mtu yeyote hajajua itamfaa nani.

Karatasi moja, mamlaka tatu

Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea tume ya taifa: mwenyekiti wake anajulikana kwa jina hata na watoto, na ukumbi mmoja wa kutangazia matokeo hugeuka kitovu cha nchi. Marekani haina tume ya taifa inayoendesha uchaguzi. Katiba yao iliwaachia wabunge wa kila jimbo kupanga namna ya kuchagua wawakilishi wa shirikisho, ingawa Bunge la taifa linaweza kuingilia kwa sheria. Hata Rais huchaguliwa kupitia chaguzi za majimbo, kila jimbo likiwa na idadi yake ya wajumbe. Minnesota ilikuwa na wajumbe 10 mwaka 2008, na wote walikwenda kwa Obama.

Jimbo nalo halikushika kazi yote. Ofisi ya Katibu wa Jimbo husimamia kanuni na daftari la wapiga kura, lakini uchaguzi wenyewe huendeshwa na kaunti 87, pamoja na miji na vitongoji vilivyo ndani yake. Mwaka 2008 kulikuwa na vituo zaidi ya 4,000. Waliovisimamia ni raia wa kawaida wapatao 30,000, wakiwemo wastaafu, walimu na akina mama wa nyumbani, waliopewa mafunzo na posho ya siku hiyo. Sheria inakataza zaidi ya nusu ya wasimamizi wa kituo kimoja wawe wa chama kimoja. Kwa hiyo anayekukabidhi karatasi ya kura na anayekutazama ukiitumbukiza hutoka mara nyingi katika vyama vinavyopingana, na wote wawili ni watu wa mtaa wako.

Karatasi yenyewe ni ndefu. Mwaka ule ilianza na Rais na Makamu wake, ikafuata Seneti, kisha mbunge wa Baraza la Wawakilishi la Washington, ambako Minnesota ina viti vinane. Baada ya hao wa shirikisho walikuja wa jimbo: mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la Minnesota, lenye viti 134. Kisha viti vya kaunti, bodi za shule na majaji, kwa maana Minnesota majaji nao husimama mbele ya wapiga kura. Juu ya hayo kulikuwa na swali la kubadili katiba ya jimbo: je, kodi ya mauzo iongezwe kwa sehemu tatu ya nane ya asilimia moja, kwa miaka 25, ili kulinda maji, ardhi na urithi wa sanaa? Swali hilo lina kanuni ya pekee. Ili lipite lazima liungwe mkono na zaidi ya nusu ya wote waliopiga kura siku hiyo, hata walioliruka. Ukiliacha wazi, umesema hapana. Lilipita kwa takriban asilimia 56.

Kuingia kituoni nako kuna utaratibu ambao wengi wetu tungeuogopa. Tangu sheria ya mwaka 1973, mwananchi wa Minnesota anaweza kujiandikisha siku ile ile ya kupiga kura, pale pale kituoni. Asipokuwa na hati ya kuthibitisha makazi yake, jirani aliyekwisha kuandikishwa katika eneo la kituo hicho anaweza kumdhamini kwa kiapo. Mwaka 2008 zaidi ya watu laki tano walijiandikisha siku ya uchaguzi. Mahudhurio yalifika takriban asilimia 78 ya wenye haki ya kupiga kura, ya juu kuliko jimbo lolote Marekani. Mlango uliachwa wazi, lakini kila aliyeingia aliacha saini yake kwenye daftari na karatasi yake ndani ya sanduku. Uwazi wa mlango na ugumu wa kumbukumbu vilikwenda pamoja.

Usiku wa matokeo

Kiti cha Seneti kilishikiliwa na Norm Coleman wa chama cha Republican. Alikipata mwaka 2002, katika uchaguzi uliovurugwa na kifo cha Seneta Paul Wellstone, aliyeanguka na ndege siku chache kabla ya kura. Mpinzani wake alikuwa Al Franken, mchekeshaji aliyejulikana kupitia kipindi cha televisheni cha Saturday Night Live, akisimama kwa tiketi ya DFL, jina ambalo chama cha Democratic hutumia Minnesota tangu kilipoungana na chama cha wakulima na wafanyakazi mwaka 1944. Wa tatu, Dean Barkley wa chama cha Independence, alichota takriban asilimia 15, na hivyo kuwaacha wakubwa wawili wakigawana kilichobaki karibu sawasawa.

Jumatano asubuhi Coleman alikuwa mbele kwa kura 725. Akasimama mbele ya waandishi wa habari na kusema kwamba yeye angekuwa katika nafasi ya Franken, angejiondoa na kuwaepusha wananchi na gharama za kuhesabu upya. Yakumbukeni maneno hayo, tutayarudia.

Siku zilizofuata tofauti ilishuka. Hapakuwa na muujiza wala mchezo mchafu. Kaunti zilikuwa zinalinganisha takwimu zilizosomwa kwa simu au kuingizwa kwenye kompyuta usiku wa manane na kumbukumbu za vituo. Katika kaunti ya Pine tarakimu moja iliyorukwa na ofisa aliyechoka ilikuwa imemnyima Franken kura 100. Hesabu za kaunti zilipokusanywa na kuthibitishwa, Coleman alibaki mbele kwa kura 215.

Hapo ndipo uvumi ulipoanza. Ilisemwa kwamba kura 32 za Minneapolis zilikuwa zikizungushwa mjini ndani ya gari la ofisa wa uchaguzi. Habari hiyo ilifika kwenye televisheni za taifa kabla ya kuthibitika kwamba haikuwa na msingi. Kila uchaguzi wenye matokeo ya karibu huzaa gari la namna hiyo. Minnesota ilimudu kuupita uvumi ule kwa kuwa kura 32 zilikuwa kitu kinachoweza kufuatiliwa: zilikuwa na bahasha, zina kituo na zina saini.

Kuhesabu kwa mkono

Sheria ya Minnesota wakati ule ilisema kwamba tofauti ikiwa chini ya nusu ya asilimia moja, kura zihesabiwe upya kwa gharama ya serikali. Franken hakulazimika kuomba, na pendekezo la Coleman halikuwa na uzito wowote kisheria. Kuhesabu kulikuwa amri ya sheria.

Kazi ilianza tarehe 19 Novemba, katika kumbi zaidi ya mia moja jimbo zima. Minnesota hupiga kura kwenye karatasi: mpiga kura anajaza duara kwa kalamu kando ya jina, kisha mashine inaisoma karatasi na kuidondosha ndani ya sanduku. Mashine ilikuwa imekwisha kutoa hesabu yake usiku wa uchaguzi, na sasa karatasi zilitolewa ili binadamu wazisome. Katika kila meza alikaa ofisa, na pembeni yake wakala wa Coleman na wakala wa Franken. Ofisa alichukua karatasi moja moja na kuiweka kwenye fungu: la Coleman, la Franken, la wengine. Wakala asiporidhika alipinga, na karatasi iliyopingwa ikatengwa. Raia yeyote aliruhusiwa kuingia kutazama.

Mapingamizi yalifika zaidi ya 6,600, mengi yakiwa ya kisiasa tu, kwa maana kila karatasi iliyotengwa iliondolewa kwa muda kwenye hesabu ya mpinzani. Baadaye pande zote mbili ziliyaondoa mengi. Yaliyosalia yalipelekwa mbele ya Bodi ya Kuthibitisha Matokeo ya jimbo.

Muundo wa bodi hiyo unastahili kutazamwa kwa makini. Mwenyekiti wake alikuwa Katibu wa Jimbo, Mark Ritchie, mwanasiasa aliyechaguliwa kwa tiketi ya DFL, chama kile kile cha Franken. Kwa jicho letu huo ni mgongano wa maslahi ulio wazi, na hata kwa jicho lao ni udhaifu. Lakini sheria ilimtaka akae na majaji wanne, wawili wa Mahakama ya Juu ya jimbo na wawili wa mahakama za wilaya. Aliwachukua Jaji Mkuu Eric Magnuson na Jaji G. Barry Anderson, ambao wote waliteuliwa na gavana wa Republican, pamoja na Jaji Kathleen Gearin na Jaji Edward Cleary. Vikao vilifanyika hadharani na kurushwa moja kwa moja. Karatasi zilionyeshwa moja moja na bodi ikasema: hii ya Coleman, hii ya Franken, hii si ya mtu.

Kanuni iliyowaongoza ni kutafuta nia ya mpiga kura kwa alama alizoziacha. Aliyeweka msalaba badala ya kujaza duara, kura yake ilihesabiwa. Aliyeweka alama kwa mmoja, akaifuta na kumchagua mwingine, nia yake ilionekana. Aliyeandika jina lake kwenye karatasi aliipoteza kura, maana sheria inakataza mpiga kura kujitambulisha. Mmoja kutoka kaunti ya Beltrami alijaza duara la Franken, kisha kwenye nafasi ya kuandika jina la mgombea mwingine akaandika Watu Mijusi. Mawakili wazima waliovaa tai walijadiliana kama kuna mtu anayeitwa hivyo. Bodi iliamua kwamba mpiga kura huyo amechagua wawili, kwa hiyo hakumchagua yeyote. Wamarekani walicheka, ila naona heshima kubwa katika kichekesho hicho: jimbo la watu zaidi ya milioni tano lilisimama kidogo kumuuliza raia mmoja, kupitia karatasi yake, alitaka nini.

Kasoro zilijitokeza pia, na zilijitokeza kwa sababu watu walikuwa wanatafuta. Katika mji wa Maplewood zilipatikana kura 171 ambazo hazikuhesabiwa usiku wa uchaguzi, mashine ilipokwama. Katika kituo kimoja cha Minneapolis, karibu na chuo kikuu, bahasha yenye kura zipatazo 130 ilipotea na haikuonekana tena. Bodi iliamua kutumia hesabu iliyochapishwa na mashine ya kituo hicho usiku ule, kwa kuwa kituo kilikuwa kimebaki na ushahidi wa pili. Kura zilipotea, lakini wapiga kura wake hawakufutwa.

Bahasha zilizokataliwa

Mvutano mkubwa haukuwa juu ya karatasi zilizohesabiwa. Ulihusu bahasha ambazo hazikuwa zimefunguliwa kabisa.

Mpiga kura asiyeweza kufika kituoni alituma kura yake mapema ndani ya bahasha. Alitakiwa aweke saini, awe na shahidi, na awe ameandikishwa. Bahasha zipatazo 12,000 zilikataliwa, nyingi kwa sababu halali. Sheria ilitaja sababu nne tu za kukataa. Kaunti zilipoagizwa kuzipanga upya katika mafungu manne, likatokea fungu la tano: bahasha zilizokataliwa bila sababu yoyote kati ya hizo nne. Ndani yake mlikuwa na raia waliofanya kila walichotakiwa kufanya, kisha karani akakosea.

Franken alitaka bahasha hizo zifunguliwe, Coleman akapinga. Mahakama ya Juu iliruhusu zifunguliwe zile tu ambazo maofisa na wagombea wote wawili wangekubaliana. Tarehe 3 Januari 2009 zilifunguliwa bahasha 933. Kabla ya hapo Franken alikuwa ametangulia kwa kura 49. Baada yake alikuwa mbele kwa 225. Tarehe 5 Januari bodi ilithibitisha hesabu hiyo, na siku ya pili Coleman akafungua kesi.

Sasa turudi kwenye maneno ya ile asubuhi ya Novemba. Aliyependekeza kuhesabu upya kuachwe ndiye aliyekuwa anaomba mahakama ifungue maelfu ya bahasha zaidi. Na Franken, aliyekuwa akidai kila kura ihesabiwe, mawakili wake sasa walisisitiza sheria ifuatwe neno kwa neno na bahasha zenye kasoro zibaki zimefungwa. Walibadilishana misimamo kadiri hesabu ilivyobadilika. Sisemi hivyo ili kuwadharau. Mgombea anayetaka kushinda hufuata kanuni inayomfaa, Minnesota au Mwanza. Ndiyo maana kanuni isiachwe kutungwa usiku wa matokeo, wala isitegemee wema wa mgombea au ujasiri wa mwenyekiti.

Mahakamani

Kesi ilisikilizwa na jopo la majaji watatu wa mahakama za wilaya, waliotoka sehemu mbalimbali za jimbo. Iliendelea kwa wiki saba. Mashahidi walikuwa maofisa wa kaunti na wapiga kura wa kawaida, waliokuja kueleza kwa nini saini yao ya mwaka ule haikufanana na ya zamani, au shahidi wao wa bahasha alikuwa nani. Mwishowe majaji waliagiza bahasha 351 zifunguliwe. Zilifunguliwa tarehe 7 Aprili mbele ya watu, na tofauti ya Franken ikapanda kutoka 225 hadi 312.

Coleman alikata rufaa kwa hoja nzito. Alisema kaunti mbalimbali zilitumia vipimo tofauti: bahasha ambayo ingekubaliwa katika kaunti moja ilikataliwa kwa jirani. Je, huo si ubaguzi kati ya raia wa jimbo moja? Hoja hii iliegemea hukumu ya mwaka 2000 ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika mgogoro wa Florida kati ya George W. Bush na Al Gore. Tarehe 30 Juni 2009 Mahakama ya Juu ya Minnesota ilijibu kwa sauti moja ya majaji watano, Magnuson na Anderson wakiwa wamejitoa kwa sababu walikaa kwenye bodi. Ilisema masharti ya sheria kuhusu kura za bahasha lazima yatimizwe kikamilifu, na tofauti za utendaji kati ya ofisi na ofisi, pasipo nia ya kubagua, hazivunji katiba.

Mnaweza kutokubaliana na hukumu hiyo. Binafsi naona iliwaacha nje raia ambao kosa lao lilikuwa dogo kuliko adhabu. Lakini tazameni ilivyopokewa. Siku ile ile Coleman alikubali kushindwa. Gavana Tim Pawlenty, wa chama cha Coleman, ambaye alikuwa amekataa kutia saini hati ya ushindi kwa kuwa sheria ya jimbo haikuruhusu kesi ikiwa haijaisha, aliitia saini. Franken aliapishwa tarehe 7 Julai.

Gharama ya subira

Kwa miezi sita, tangu Bunge jipya lilipoanza Januari, Minnesota ilikuwa na seneta mmoja tu, Amy Klobuchar. Kiti kile hakikuwa cha mapambo. Kilipojazwa, kambi ya Democratic ilifikisha kura 60 katika Seneti, idadi inayotosha kuzima mbinu ya wapinzani ya kurefusha mjadala bila mwisho. Desemba 2009 sheria kubwa ya bima ya afya ilipita Seneti kwa kura 60 dhidi ya 39. Kura 312 za Minnesota ziligusa matibabu ya mamilioni ya watu wasiowahi kulikanyaga jimbo hilo.

Historia ya jimbo ilikuwa imeshawafunza kusubiri. Mwaka 1962 uchaguzi wa gavana uliamuliwa kwa kura 91 kati ya takriban milioni 1.3. Kuhesabu na kesi vilichukua hadi Machi 1963, ndipo Karl Rolvaag alipoapishwa na Elmer Andersen akaondoka ofisini bila kukata rufaa. Mawakili wa 2008 walikuwa na mfano wa kufuata.

Na baada ya 2009 jimbo halikujipongeza tu. Ukaguzi wa bahasha ulihamishiwa kwenye bodi maalumu zenye watu waliofunzwa, na ulinganishaji wa saini ukapunguzwa uzito kwa kutumia namba za utambulisho. Kura ya mchujo ilisogezwa kutoka Septemba hadi Agosti ili karatasi ziwafikie wapiga kura walio ng'ambo kwa wakati. Mwaka 2010, Mark Dayton alipomshinda Tom Emmer katika ugavana kwa kura zisizofika elfu tisa, kuhesabu upya kulikwisha mapema Desemba.

Yanayotuhusu

Sikuja hapa kuwashauri tuige kila kitu. Kuweka mwanasiasa wa chama kusimamia uchaguzi ni jambo ambalo sisi tuna haki ya kulikataa. Rais hawezi kusubiriwa miezi minane kama seneta. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inatoa siku saba za kufungua kesi ya urais na siku 14 za kuiamua, na muda huo mfupi una sababu zake.

Tunachoweza kuazima ni kipimo. Tazameni Kenya yenyewe ilivyobadilika baada ya Kriegler. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa Rais, na kasoro katika usafirishaji wa matokeo kutoka vituoni ilikuwa kiini cha uamuzi wake. Mwaka 2022 tume iliweka picha za fomu za vituo kwenye tovuti ya umma, na mwanafunzi mwenye simu akaweza kujumlisha kura za urais akiwa kitandani. Mabishano hayakwisha, lakini yalihama kutoka mtaani kwenda kwenye fomu. Hiyo ni hatua ya Minnesota, iliyopigwa kwa miguu yetu wenyewe.

Nchini Tanzania, Katiba katika ibara ya 41(7) inasema kwamba mgombea akishatangazwa na tume kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama itakayochunguza uchaguzi wake. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika. Mtetezi wa kifungu hicho husema kinalinda amani. Namjibu kwa Minnesota: kesi ya miezi sita haikuvunja amani. Iliwapa waliokasirika mahali pa kupeleka hasira yao, na ikawataka waje na ushahidi.

Wanafunzi wa sheria na siasa mlio hapa mtaandika miswada, mtakuwa mawakala, makarani na majaji. Mswada wowote wa uchaguzi utakapopita mezani kwenu, usomeni mkiwa upande wa atakayeshindwa. Ulizeni kama kura inaacha karatasi inayoweza kuhesabiwa tena. Ulizeni kama wakala wa mpinzani anakaa karibu kiasi cha kuisoma karatasi hiyo, na nakala ya hesabu ya kituo inabaki mikononi mwa nani. Ulizeni sababu za kukataa kura zimeandikwa wapi, na kama mwisho wa njia kuna jaji anayeruhusiwa kufungua sanduku. Mshindi atajitetea mwenyewe, maana ana dola. Sheria ya uchaguzi inaandikwa kwa ajili ya yule mwingine, ili akirudi nyumbani aweze kuwaambia wafuasi wake kwamba wamehesabu wote pamoja, na kura hazikutosha.